Neno la Pakiteng

Enkare Nado
9 Oktoba 1977

Kwako Pakiteng wangu,

Nakusalimu sana, wewe na mkeo Bertha na mtoto. Sisi huku hatujambo. Yeyoo anakohoa asubuhi, lakini ikifika saa ya kukamua anasimama na kutukaripia wote, kwa hiyo najua mama yetu bado ni mzima. Mume wangu Senteu anakusalimu. Anasema ukija uje na ugoro wa Karatu, kwa sababu huu wa duka la Aikaeli umechanganywa na majivu.

Utaona mwandiko. Huu ni wangu. Barua za nyuma zote aliniandikia mwalimu wa kisomo, na yule mwalimu ana tabia ya kuongeza maneno yake, mpaka unasoma "kwa heshima na taadhima" ukadhani dada yako amekuwa katibu tarafa. Sasa nimehitimu. Herufi zangu zinatembea ovyo kama mbuzi, lakini ni mbuzi wangu mwenyewe.

Umeandika kwamba Bertha anashangaa kwa nini tunaitana Pakiteng na sisi tuna majina, wewe Koinet na mimi Naishorua. Mweleze vizuri, maana kwao Kilimanjaro hawana jambo hili. Mwambie siku ninaolewa ulikuwa kijana mdogo unayepelekwa shule ya bweni, na katika dunia nzima ulikuwa na mtamba mmoja tu, Mugie, yule wa kahawia aliyekupa baba. Ukamswaga hadi zizini kwangu mbele ya wazee ukasema, "Shuleni sitamkamua." Aliyekupa ng'ombe mnaitana kwa ng'ombe, jina mnaliweka kando mpaka kufa. Na neno la Pakiteng halitumiwi mtu kwenda kulikagua. Usimfupishie.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Mto uko vizuri. Yule kiboko mwenye sikio lililochanika bado analala bwawani chini ya kivuko, na asubuhi pundamilia wanakunywa upande wao na ng'ombe wetu upande wao, hakuna anayemsemesha mwenzake. Lakini mwezi uliopita walikuja watu wenye kofia na Landrova, wakapima ukingo kwa kamba ndefu, wakala biskuti zao na kuondoka bila kusalimia. Senteu amesikia mnadani kwamba ofisi yenu inataka mto wote uwe wa wanyama peke yao, na kwamba itakuja tume kuangalia kama kuna watu wanaoishi hapa. Lisemwalo lipo. Wenzetu waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliamshwa asubuhi moja wakatolewa, na sisi hatujasahau.

Wewe ni bwana nyama, unakaa na wakubwa. Niambie tume inakuja lini. Tunataka itukute wote, boma zote tatu, na moshi ukitoka. Yeyoo ameshasema siku hiyo ataketi karibu na rundo la mawe tulipomzika baba na hatainuka.

Mimi dada yako,
Naishorua

Karatu
20 Novemba 1977

Dada yangu Pakiteng,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kwa furaha kubwa, na mwandiko wako nimemwonyesha kila mtu ofisini. Bertha anakusalimu. Amekielewa kisa cha Mugie, na anasema kwao ng'ombe hufungwa ndani ya nyumba na kuletewa majani, hivyo hangeweza kwenda kwenye harusi ya mtu. Mtoto ameota meno. Ugoro nimempa Patrisi, dereva wa lori la unga, pamoja na barua hii.

Kuhusu lile uliloniuliza, mambo ya ofisi yana ngazi zake na bado yako juu. Msiwe na wasiwasi. Subira yavuta heri.

Kuna jambo la haraka zaidi. Nyumbu wamewahi mwaka huu. Wameshaingia tambarare na majike wana matumbo makubwa, na kwa jinsi mvua ilivyo watazaa kando ya mto kabla ya Krismasi. Wewe hujasahau mwaka ule baba alipochelewa kuhama, jinsi ng'ombe walivyokula nyasi zilizoguswa na kondo la nyumbu, macho yakawaziba kwa machozi mazito na zizi likabaki la mbwa. Msingoje mwezi wa pili kama kawaida. Hameni mara mpatapo barua hii, mpande juu kwenye baridi. Na safari hii msiwaache wazee nyuma. Boma zote tatu ziende, maana yeyoo atahitaji maziwa karibu. Mkae huko mpaka nitakapowaandikia.

Mimi mdogo wako mpenzi,
Koinet

Huku juu, Nainokanoka
22 Januari 1978

Kwako Pakiteng wangu,

Nakusalimu na baridi ya huku. Yeyoo anakohoa zaidi, ila ulimi wake hauna ugonjwa. Senteu ameupenda ugoro, anapiga chafya mpaka punda wanashtuka.

Tulihama kesho yake baada ya Patrisi kuleta barua. Nikueleze ilivyokuwa, ujue nilivyokutetea. Senteu alitaka kwanza kutuma morani apande kilimani atazame tambarare, kama wanavyofanya kila mwaka. Nikamwambia hilo ni neno la Pakiteng wangu, ukituma mtu kulikagua umenivua nguo mbele za watu. Akaenda kufunga mizigo. Boma zile nyingine mbili ziliposikia hivyo nazo zikafunga mizigo. Yeyoo tulimpandisha punda, na njia nzima alikuwa akigeuka kuangalia nyuma. Mioto tuliizima sote, jambo ambalo hatujapata kulifanya, maana siku zote wazee hubaki na ng'ombe wachache wa maziwa.

Huku kuna kupe. Ndigana kali imeshachukua ndama wa Senteu na wa jirani. Lakini si hilo. Juzi walipita morani kutoka chini, wakasema nyasi za mtoni zimesimama na hakuna hata nyumbu mmoja. Watu wakanitazama. Nikasema pengine wamegeukia njiani, mnyama hana kalenda.

Niambie tu, uliwaona kwa macho yako au uliambiwa? Na ile tume imefikia ngazi gani? Nisingependa ije na sisi tuko huku.

Naishorua

Karatu
5 Machi 1978

Dada yangu Pakiteng,

Shikamoo. Poleni kwa baridi na kwa ndama. Patrisi anawaletea sukari na blanketi la yeyoo, lile zito, ajifunike kifua. Bertha ni mjamzito tena, tunamshukuru Mungu. Watalii wamepungua sana tangu mpaka wa Kenya ufungwe, na Karatu imepoa, hata wauza vinyago wanalala mchana.

Huenda nikahamishwa kituo hivi karibuni na kupandishwa cheo kidogo. Tuombeane.

Kuhusu kurudi, msifanye haraka. Mvua kubwa zinakuja na njia zitakuwa mbaya kwa mtu kama yeyoo. Mkae huko hadi zikatike.

Mimi mdogo wako,
Koinet

Huku juu
28 Mei 1978

Kwako Koinet,

Umesoma vizuri. Nimeandika jina lako.

Yeyoo hajambo. Senteu hajambo. Blanketi limefika.

Tulishuka wiki iliyopita. Ng'ombe walipoanza kusikia harufu ya maji walikimbia kama kawaida yao, na sisi nyuma tukicheka, hata yeyoo juu ya punda. Kwenye kivuko tukakuta kigingi cha saruji kimepakwa chokaa, na vijana wenye sare wakawarudisha ng'ombe kwa fimbo. Mmoja alikuwa na adabu. Akaniambia, "Mama, hapa hapana wakaazi. Tume ilipita mwezi wa kwanza, ikakuta maboma matupu na majivu yamepoa. Mto sasa ni wa hifadhi."

Nikamwuliza nani aliwaonyesha tume njia. Akasema, "Mkuu wetu. Ni Mmaasai mwenzenu, alikuwa anawatafsiria pia. Ndiye atakayehamia pale." Akanyoosha kidole. Chini ya migunga kuna nyumba ya mabati mapya. Imejengwa juu ya zizi letu, nimelijua kwa ule mti uliopigwa radi.

Sasa ninayaelewa mambo yote. Kwa nini wazee wasibaki. Kwa nini boma zote tatu. Kwa nini hukujibu nilipokuuliza. Nilikwambia tunataka tume itukute, na wewe ukachukua hofu ile ile baba aliyotuachia, hofu ya kondo la nyumbu, ukatuswaga nayo. Mtu wa nje hawezi kufanya hivyo. Asingejua pa kugusa.

Nyumbu walizaa mwezi wa pili, mbali tambarare.

Wanawake wa boma zile mbili hawanitukani. Ningefurahi wangenitukana. Nikifika mahali walipokaa wanaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu kuni, yule mtoto. Walihama kwa sababu mimi nilisimama katikati yao nikasema ni neno la Pakiteng wangu. Usiku ule tulioshindwa kuvuka Senteu alisema tu, kikulacho ki nguoni mwako, akageukia ukuta. Na yeyoo aliuliza swali moja, kama mwanawe alikuwepo siku tume ilipokuja. Nikamwambia sijui. Nimemdanganya mama yangu kwa ajili yako.

Nakuuliza tena. Nyumbu uliwaona?

Naishorua

Kituo cha Enkare Nado
6 Agosti 1978

Dada yangu Pakiteng,

Shikamoo. Barua yako imenichoma, na nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nachana karatasi. Bertha amejifungua mtoto wa kike. Tungependa yeyoo ampe jina.

Nisikilize na mimi. Mstari ulishachorwa kabla hujaniandikia. Nilijua, na sikuruhusiwa kusema. Kama tume ingewakuta, wangesema mwondoke, mngekataa, na yangekuja malori na askari wasiojua hata kuwasalimu. Unakumbuka walivyotolewa wa kreta, watu wakihesabu watoto huku wanakimbia. Akilini nilimwona yeyoo katika hali hiyo. Nikachagua heri nusu shari kuliko shari kamili. Hakuna aliyepigwa, hakuna nyumba iliyochomwa. Waliponiuliza kama kuna watu niliwaambia waangalie wenyewe.

Na mto huu unahitaji mlinzi. Majangili wamemwua kifaru mkubwa wa upande wa magharibi, nimemkuta uso umekatwa na ndama wake amesimama pembeni. Tangu tuweke kituo tembo wamerudi na watoto, na usiku namsikia chui akikohoa ng'ambo. Yule kiboko wa sikio lililochanika ana mtoto. Ungeona ungefurahi. Mawe ya baba sijayagusa. Kila asubuhi nikipita naongeza jiwe.

Lile la nyumbu tuliache, dada. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mdogo wako,
Koinet

Huku juu
1 Oktoba 1978

Kwako Koinet,

Umeandika kurasa mbili na nyumbu hawamo.

Nimekuelewa. Malori yangekuja. Basi ungeniambia malori yanakuja. Tungekaa na yeyoo karibu na mawe ya baba, na kama ni kupigwa tungepigwa na wageni. Mgeni akinipiga nina ndugu wa kumlilia. Sasa nimlilie nani?

Unasema unalinda. Sikatai, kifaru yule nilimjua na nimemsikitikia. Lakini wanyama wale walikunywa nasi miaka yote baba akiwa hai, na hakuna aliyekuja kuwahesabu. Na usiniandikie tena habari za mawe. Mwana anayemzuia mama yake kuvuka mto hana jiwe la kuweka pale. Yeyoo hatampa mtoto jina. Hajakataa kwa hasira, alisema tu, "Jina hutolewa nyumbani," akaendelea kukamua.

Utakapopata barua hii utakuwa umeshampokea Mugie. Si yule uliyenipa, yule alikufa mzee, ni mjukuu wake aliyerithi jina na rangi. Tumemswaga hadi kwenye kigingi, mimi na Senteu, tukamkabidhi yule kijana mwenye adabu. Wazee walijaribu kunizuia, wakasema ng'ombe wa zawadi harudishwi, hawajapata kuona jambo hilo. Nikawaambia hata nyumbu wa karatasi walikuwa hawajapata kuwaona, na sasa wamewaona.

Nilimkamua mara ya mwisho pale pale kwenye kigingi, nikayamwaga maziwa chini. Nililia, sikufichi. Ulinipa ulipokuwa huna kingine, na kwa ajili hiyo nilikupenda kuliko ndugu zangu wote. Usiniite tena kwa ng'ombe, maana hatuna ng'ombe kati yetu.

Naishorua

Kituo cha Enkare Nado
17 Desemba 1978

Dada Naishorua,

Shikamoo. Nimeandika jina lako kama ulivyotaka. Sijawahi kuliandika ndani ya barua, huwa naliandika juu ya bahasha tu.

Barua hii itachelewa. Lori la Patrisi limechukuliwa kwenda vitani Kagera, naye amekwenda nalo, na dizeli hakuna. Nitampa mtu yeyote anayepanda juu. Bertha na watoto hawajambo.

Nataka kukueleza habari za Mugie. Sheria ya hapa inasema mfugo ukiingia ndani ya vigingi unakamatwa, na anayekamata ni mimi. Nimekamata ng'ombe wa watu ninaowafahamu kwa majina, wakanitazama nikiwasomea kanuni. Halafu jioni wananiona nina ng'ombe nyuma ya nyumba. Askari wangu hawasemi kitu mbele yangu, lakini nikiingia ndani nasikia wanacheka.

Nilimtoa nje ya vigingi, akarudi. Nikamtoa tena mbali zaidi, akarudi na jeraha la fisi pajani. Analala nyuma ya jiko, pale lilipokuwa zizi, na saa ya kukamua anakwenda kusimama chini ya ule mti wa radi na kulia kumwita mtu. Bertha anamkatia majani kama wanavyofanya kwao. Anayanusa na kuyaacha. Bertha aliniuliza juzi, "Huyu anamtafuta nani?" Kumwuza siwezi, kumchinja siwezi, unajua kwamba siwezi, na ndiyo maana ulimleta.

Sikuwaona nyumbu. Nilikuwa Karatu mezani, na dirisha lile linatazama ukuta wa bohari. Mkubwa wangu alisema maboma yakikutwa matupu kituo ni changu. Barua yako ya kwanza ilikuwa mbele yangu, ile ya mwandiko wako, na humo uliandika kwamba neno langu halitumiwi mtu kwenda kulikagua. Nilijua mtahama. Hata ile habari ya malori niliifikiria baadaye, ili nipate usingizi.

Mchukue ng'ombe wako, dada. Au niambie nimfanye nini, nitafanya.

Koinet

Huku juu
11 Februari 1979

Kwako Koinet,

Yeyoo hajambo. Senteu hajambo. Kuna ndama wawili wamezaliwa na mmoja ana nguvu.

Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikawaita watu wa boma zote tatu nikawasomea mpaka mwisho. Nilitaka wajue kwamba sikushirikiana nawe. Wanawake wawili walibaki tukapika chai. Yeyoo alisikiliza amefumba macho, na aliposikia Mugie anasimama chini ya ule mti aliinuka akaenda kukaa kwenye zizi.

Mugie simchukui. Si wangu, na mtu hamwambii mtu wa mbali amfanye nini ng'ombe wake. Lakini ng'ombe hana kosa, kwa hiyo nakuambia jambo moja.

Jana nilipanda kilima kile kinachoutazama mto, nikakaa mpaka umande ukakauka. Nyumbu wamefika. Wamejaa ukingo wote mpaka nyuma ya nyumba yako, na majike wameanza kuzaa. Nimewaona ndama wakijaribu miguu yao, na kondo ziko kwenye nyasi ng'ambo na huku ya kivuko. Mhamishe Mugie leo, asile hapo.

Ukiona vema, tuma mtu akakague.

Naishorua